Fundi Aliyeitwa Mfumo

Jina alilopewa na mama yake hakuna aliyelitumia kiwandani. Walimwita Mfumo, na hawakumwita hivyo kwa kumsifu. Ukimwambia mashine namba kumi na saba imekata uzi tena, anakwambia ni mfumo. Ukimwambia choo cha wanawake hakina maji, ni mfumo. Siku moja mpakiaji mmoja alikuja kazini amenuna, akasema mkewe amemkimbia, na kabla hajajibiwa akaongeza, "Na wewe usiniambie ni mfumo." Watu walicheka wiki nzima. Mfumo mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini.

Mimi nilimwita Baba Mdogo. Hakuwa ndugu wa damu. Yeye na baba yangu waliajiriwa siku moja katika kiwanda cha nguo kilichokuwa mwisho wa barabara yetu, wakawa chanda na pete. Baba alikuwa mfumaji, baadaye akawa mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi, na mpaka leo mtaani anaitwa Mwenyekiti ingawa tawi lenyewe halipo tena. Baba Mdogo alikuwa fundi wa mashine za kufuma. Kwa miaka ishirini na mitatu walikula chakula cha mchana kwenye benchi moja huku wakibishana, na waliobahatika kukaa karibu walisema ni bora kuliko redio.

Naandika habari zake nikiwa na hasira, na ni haki msomaji alijue hilo mapema. Alipozikwa tulikuwa watu tisa. Mtaa mzima ulibaki ndani kwa sababu ya jambo ambalo hakulifanya, na aliyemtuhumu wa kwanza ni baba yangu mzazi, ambaye nampenda.

Baba Mdogo alikuwa mtu mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, kwa kuwa kelele za ukumbi wa kufuma zilikuwa zimemla masikio. Penseli ilikaa nyuma ya sikio, na mfukoni mwa shati alikuwa na daftari la vipuri: kipuri alichoomba, tarehe aliyoomba, na upande wa pili tarehe kilipokuja. Upande huo wa pili ulikuwa mweupe kurasa nyingi.

Wafumaji wengi uzi ukikatika huutukana uzi. Yeye alianza kurudi nyuma polepole. Uzi huu umetoka kwenye gogo lipi la kuviringishia nyuzi? Gogo lilifungwa siku gani? Na hewa ya humu ndani ikoje leo? Pamba ikikosa unyevu hukatika hovyo, na vile vinyunyizio vya maji vya darini vilikuwa vimekufa miaka sita nyuma. Mfumaji alikatwa mshahara kwa kitambaa chenye kasoro, msimamizi akamfokea mfumaji, mfumaji akamlaani msimamizi, na juu ya vichwa vyao vinyunyizio vimening'inia vikavu. Siku moja nilipompelekea Baba funguo alizosahau, Baba Mdogo alinionyesha kwa kidole.

"Humu ndani kila mtu ana mtu wa kumtukana, mwanangu," alisema. "Maji ndiyo hayapo."

Jumapili alasiri walikuwa na darasa kwenye ofisi ya tawi, chumba chenye mabenchi matano na ubao uliopasuka kona. Mimi nilikuwa nimemaliza shule, nasubiri nafasi ya chuo cha uuguzi, nikaenda kwa sababu nyumbani hakukuwa na la kufanya. Nilikuta mambo moto. Walisoma vitabu vidogo vilivyochakaa kuhusu mabepari na wavujajasho, kila mtu aya moja, halafu Baba na Baba Mdogo wanaanza kugombana juu ya maana yake.

Baba aliamini kuna Wanane. Hiyo idadi aliipata wapi sijui, lakini haikubadilika. Watu wanane hukutana kwenye hoteli moja ghorofa ya juu, bila karatasi wala katibu, na hao ndio wanaopanga bei ya pamba, kiwanda kipi kiishi, kiongozi gani aanguke. Alisimulia vizuri mno. Alijua kuigiza mmoja wao anavyochovya biskuti kwenye chai huku akifunga kiwanda cha watu elfu moja. Mabenchi yote yaliinama mbele kumsikiliza.

"Mwenyekiti, sikatai kwamba wakubwa wanakutana," Baba Mdogo alijibu. "Wanakutana sana, na hawakutani kutuombea heri. Lakini tuseme kesho tumewakamata hao wanane wako tukawafungia stoo. Keshokutwa bei ya pamba itapanda? Nguo za bei rahisi zitaacha kushuka bandarini? Wengine wanane watakalia viti vile vile, na viti vitawafundisha kazi."

Kisha akawataja mameneja. Tangu waajiriwe walikuwa wameona watatu. Wa kwanza mlevi, wa pili mcha Mungu asiyegusa hata soda, wa tatu alikuwa mfumaji mwenzao kabisa, aliyewahi kula nao kwenye lile benchi. Wote watatu walikata muda wa ziada, wote watatu hawakununua vipuri. Wa kwanza alifanya hivyo akinuka pombe, wa pili akiomba msamaha, wa tatu akilia machozi ya kweli.

"Huyo wa tatu wamemnunua," Baba alisema.

"Wamnunue wa nini? Benki inamkopesha akijenga ghala. Akitaka mashine hawamkopeshi. Ungekuwa wewe kwenye kiti kile, Mwenyekiti, na roho yako nzuri hiyo, ungefanya nini?"

Baba hakupenda swali hilo. Alisimama akawageukia watu. "Mfumo haupigwi jiwe," alisema. "Mtu amefukuzwa kazi, ana watoto, anakuuliza nani kamfanyia hivi, wewe unamwambia ni mfumo. Hapo unamwambia aende akalale." Watu walipiga makofi. Na mimi nilipiga. Nilikuwa na miaka ishirini, nilitaka sana pawe na mtu wa kupigwa jiwe.

Mwaka uliofuata yule meneja wa tatu alitangaza kwamba zamu tatu zitakuwa mbili, na kila mfumaji atasimamia mashine sita badala ya nne. Kamati ya tawi ilikuwa na watu watano, Baba na Baba Mdogo wakiwamo. Walikata shauri mgomo uanze Jumatano saa nne asubuhi, na siku hiyo na saa hiyo wakabaki nazo wao watano peke yao. Wafumaji waliambiwa tu wajiandae, wiki hii kuna kusimama.

Hapo Baba alifanya jambo ambalo mfumaji yeyote anayejiheshimu angelifanya. Mashine ikisimama katikati ya kitambaa, nyuzi zikabaki zimekazwa siku mbili tatu, ukija kuiwasha inaacha mstari unaokatiza kitambaa kizima, na mstari huo haufutiki. Baba hakutaka watu wake warudi kazini wakute kazi yao imeharibika. Kwa hiyo Jumatatu alipitisha neno: kila mtu amalize kitambaa alichokianza, asifunge gogo jipya la uzi, alegeze nyuzi, afute mafuta, afagie vumbi la pamba chini ya mashine yake. Wakafanya. Katibu wa tawi aliniambia kwamba hajawahi kuona ukumbi ule umependeza kama Jumanne ile jioni.

Jumatano saa moja asubuhi malori mawili ya polisi yalikuwa getini. Waliokuja kazini walikuta majina ya waliofukuzwa yameshachapwa. Watu arobaini na wawili walimwaga unga siku hiyo hiyo, na Baba alikaa mahabusu siku kumi na tisa. Alitoka amekonda, ndevu zimeingia mvi, na neno moja tu mdomoni. Nani.

Katika wale watano, wanne walikuwa wamefukuzwa. Baba Mdogo hakuguswa.

Mkutano ulifanyika tawini, chumba kimejaa mpaka watu wamesimama dirishani. Mimi nilikuwa kwenye benchi la mwisho. Baba alikaa mezani na daftari la wanachama mbele yake. Baba Mdogo alisimama, kwa sababu hakuna aliyemsogezea nafasi.

"Jumanne saa tisa ulionekana unatoka ofisi ya msimamizi," Baba alisema. "Ulifuata nini?"

"Nilikwenda kuandikisha vipuri. Kila Jumanne naandikisha vipuri, na wewe unajua."

"Na mbona wewe hukufukuzwa?"

"Mashine zao kuukuu, hakuna mwingine anayezijua. Siku wakipata mpya watanitupa kama walivyowatupa ninyi."

"Watano tulijua siku. Wanne tuko nje. Mmoja yuko kazini."

Baba Mdogo alipitisha macho chumba kizima. Nadhani ndipo alipoona hatari iliyokuwepo, na siyo kwake tu. "Ndugu zangu, msitafute mtu," alisema. "Hata tungekuwa mabubu wote watano, wangejua tu."

"Wangejuaje?"

Alimtazama Baba kwa muda mrefu. Akafungua mdomo, akaufunga. "Wangejua," alisema.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Ni mfumo," na watu wakacheka, kicheko kibaya ambacho sikuwahi kukisikia pale. Baba hakucheka. Alisema anayedai hakuna mwenye kosa, huyo ndiye mwenye kosa. Kisha akachukua kalamu, akalikata jina la rafiki yake kwa mistari miwili, akitumia rula. Baba Mdogo alitoka na hakuna aliyempisha, ikabidi apite ubavu ubavu.

Baada ya hapo hakuwa na namna ya kujisafisha. Wiki tatu alizobaki kazini walisema analipwa fadhila. Alipoacha kazi kwa hiari yake, kwa sababu hakuweza kupita getini mbele ya wenzake waliofukuzwa, walisema amemaliza kazi aliyotumwa. Akiwa hana kitu, walisema anajificha asijulikane. Alipougua na kutembea kwa kushika kuta, yupo aliyesema anaigiza. Jamani, mtu afanye nini? Angeruka angani wangesema nani kampa mbawa.

Kiwanda kilifungwa miaka miwili baadaye. Mashine mpya hazikuja, zile kuukuu ziliuzwa kama chuma chakavu, na ukumbi sasa ni ghala la nguo zinazotoka nje. Ukisoma daftari lake la vipuri unakiona kifo hicho kinakuja, ukurasa kwa ukurasa. Baba alisema Wanane wamekamilisha mpango wao.

Na mimi? Nilienda chuo, nikarudi muuguzi, nikapangiwa kliniki ya mtaani kwetu. Baba Mdogo nikikutana naye nilimwamkia kwa mbali, shikamoo ya haraka, kama mtu anayewahi kitu. Miaka kumi na moja nilimwamkia hivyo. Sikuwahi kuamini kwa moyo wote kwamba alituuza, lakini sikuwahi pia kwenda kwake kumuuliza, na sioni tofauti kubwa kati ya mambo hayo mawili.

Siku moja kwenye kliniki alikuja mzee kupimwa presha. Nilikuwa namfunga mkanda wa kipimo mkononi alipouliza kama mimi si binti wa Mwenyekiti. Alikuwa yule msimamizi wa ukumbi wa kufuma, sasa mstaafu, mpole, amevaa sweta joto lote lile.

"Baba yako aliwafunza watu kazi," alisema. "Hata mgomo waligoma kama wanakwenda likizo."

Nikamuuliza kwa nini anasema hivyo.

"Jumanne ile tangu asubuhi hakuna aliyekuja kuomba gogo jipya la uzi. Ukumbi mzima. Saa nane naona watu wanafuta mashine, wanafagia. Binti, miaka thelathini nimekaa pale, watu hufuta mashine vile mara moja tu kwa mwaka, kiwanda kikifungwa kwa likizo. Nikapanda kwa meneja, nikamwambia, hawa kesho hawafanyi kazi."

"Hakuna aliyekuja kuwaambia?"

"Aje kuniambia nini tena, na macho ninayo?" Akauliza kama presha imeshuka. Ilikuwa imeshuka. Yangu sijui.

Jumamosi nilikwenda kwa Baba Mdogo. Waliishi vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na ili ufike mlangoni ilibidi uruke mabomba. Alikuwa amekaa kitandani na cherehani ya mtu imefunguliwa juu ya stuli mbele yake, maana alikuwa akitengeneza cherehani za mtaa wa pili, ambako hawakumjua. Alikuwa amebaki mifupa. Kifua kilipiga filimbi kila alipovuta pumzi. Vumbi la pamba lilikuwa limefanya kazi yake. Mkewe, Mama Mdogo, alinisogezea kiti bila kusema karibu.

Nilimwambia niliyoyasikia. Hakushangaa. Alifuta bisibisi kwa kitambaa, akaiweka chini.

"Nilijua siku ile ile ya Jumatano," alisema. "Nilipopita ukumbini nikaona mashine zinang'aa. Nikasema moyoni, tumejiuza wenyewe kwa ufagio."

"Sasa kwa nini hukusema? Walikuuliza mbele ya watu, Baba Mdogo."

"Ningesema nini? Kwamba neno la kufuta mashine lilitoka kwa Mwenyekiti? Watu arobaini na wawili hawana kazi, wamejaa chumbani, wanatafuta mtu. Ningewapa baba yako. Wangemla mzima." Alikohoa, tukamsubiri. "Na hakukosea. Alifanya kama mfumaji mwema. Kiwanda kimemfunza miaka yote kuona aibu ya kitambaa kibovu, hata siku ya kugoma aibu hiyo anayo. Ndiyo nilitaka tuizungumze siku moja, tukitulia. Kwamba namna tunavyofanya kazi tu inatosha kutufichua. Nilitaka waache kutafuta mtu. Sikutaka wabadilishe mtu."

"Na ukangoja watulie."

"Nilidhani watachoka," alisema.

Nilimkasirikia, na bado nina kasirani naye kidogo. Alikuwa na hakika kwamba jambo la kweli litajieleza lenyewe siku moja, kama mashine inayokwambia inapoumwa ukiweka mkono juu yake. Watu hawako hivyo. Lakini aliyeongea ni Mama Mdogo, akiwa amesimama mlangoni na mikono kifuani.

"Mimi sikuwa kwenye kamati," alisema. "Nilikuwa nashona pale dirishani, nina wateja tangu wasichana wao wanabatizwa mpaka wanaolewa. Wakaja mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao. Vingine nimeshavikata. Wanasema samahani, nimepata fundi mwingine. Bombani nikifika wanamaliza kuteka haraka. Miaka kumi na moja, mwanangu. Mume wangu anasema hakuna wa kumlaumu, ni woga wa watu waliopoteza kazi, ni hivi, ni vile. Sawa. Lakini wale wanawake nawajua kwa majina, na mfumo haukuwahi kuja hapa kunichukulia kitambaa. Walikuja wao."

Baba Mdogo aliinamisha kichwa. Nilimheshimu kwa kutotafuta jibu.

Nikamwambia nakwenda sasa hivi kumwambia Baba. Alinishika kiganja. Mkono wake haukuwa na nguvu ya kufunga parafujo.

"Usimwambie," alisema. "Kazi alipoteza, tawi alipoteza, mama yako amezikwa. Kilichobaki ni hiyo hadithi ya kwamba alisalitiwa. Ukimnyang'anya atabaki na nini?"

"Atabaki na wewe."

Alitabasamu kidogo. "Nikishaondoka utafanya unavyoona. Ila umwambie taratibu."

Nilimtii, na najuta. Kwa miezi minane nilikwenda kwake kila Jumamosi na dawa ya kifua, nikikaa kwenye kile kiti, tukizungumza habari za cherehani na za wagonjwa wangu. Mara mbili nilimwambia Baba, "Twende tukamwone Baba Mdogo, anaumwa." Mara ya kwanza alisema ana shughuli. Mara ya pili aliniuliza nani alinieleza kwamba anaumwa, na kwa nini mtu huyo anataka yeye aende.

Alifariki Alhamisi mchana, amelala ubavu, Mama Mdogo ameenda kuchota maji. Aliporudi akadhani amesinzia, akaendelea kupika. Hayo aliniambia mwenyewe bila machozi, akanionyesha sufuria.

Nilimwendea Baba na habari hizo. Aliketi. Akaweka mikono juu ya magoti, na nilipomwambia maziko ni Ijumaa saa nane alitikisa kichwa. "Siwezi kumzika mtu aliyetuuza," alisema. "Wale arobaini na wawili wataniuliza nini?" Nilitaka kumwambia hapo hapo. Nikasema nimpe usiku mmoja wa kufikiri.

Makaburini tulikuwa tisa, wawili kati yetu wamelipwa kuchimba. Nililia kwa sauti, mimi niliyekaa miaka kumi na moja bila kumtembelea. Mama Mdogo alinishika bega, yeye ndiye akanifariji mimi. Baada ya udongo kusawazishwa mmoja wa wachimbaji aliuliza marehemu alikuwa anafanya kazi gani. Nikasema alikuwa fundi.

Kutoka makaburini nilikwenda kwa Baba, nikamkuta sebuleni. Alikuwa amevaa shati lake jeupe na viatu vilivyopigwa rangi, kamba zimefungwa. Alikuwa amevaa ili aende, na hakwenda. Kitu hicho kilinivunja moyo kuliko kaburi. Nikasema moyoni, sasa, huyu yuko tayari, moyo wake umeshakwenda nusu ya njia.

Nikavuta stuli, nikakaa karibu naye, nikamwambia taratibu kama nilivyoagizwa. Nilimweleza mzee wa sweta na presha yake. Magogo ambayo hakuna aliyekuja kuyaomba. Mashine zilizofutwa, sakafu iliyofagiwa. Nilimwambia kwamba Baba Mdogo alilijua hilo siku ile ile, na alisimama mbele ya watu akikatwa jina ili jina la Mwenyekiti lisitajwe. Nikamwambia hakuna aliyetuuza, na kwamba hata yeye hakukosea. Mlikuwa wafumaji wazuri, nikamwambia. Basi.

Baba alikuwa akitazama viatu vyake. "Nilisema wafute mashine," alisema polepole, na niliona kabisa kwamba anauona ule ukumbi, Jumanne jioni, safi, safu kwa safu. Mkono wake ulianza kupapasa ukingo wa kiti. Nikaushika. Kwa kitambo kidogo nilikuwa na baba yangu, na rafiki yake alikuwa karibu kurudi ndani ya nyumba ile.

Kisha akautoa mkono wake.

"Huyo msimamizi alikuja kliniki lini?" aliuliza.

"Miezi minane imepita, Baba."

"Miezi minane. Na katika kliniki zote za mji huu, akaja kwako. Na wewe ukanyamaza mpaka mtu amezikwa, hawezi tena kuulizwa." Aliniangalia, na macho yake hayakuwa na ukali wowote. Sauti yake ilikuwa ya upole, ile aliyotumia nikiwa mdogo nikianguka. "Niambie ukweli, mwanangu. Nani amekutuma?"

"Baba, ni mimi."

"Najua ni wewe. Nauliza aliyekutuma."

Nilirudia yote tangu mwanzo. Alisikiliza kwa adabu, akiitikia kwa kichwa kila sentensi, kama mtu anayeweka mambo akilini ili ayasimulie kwingine. Nilipomaliza alisema ahsante.

Kila Jumapili alasiri wale wazee wa tawi waliobaki bado wanakutana sebuleni kwake, wanne au watano, na mimi humpelekea Baba mahitaji ya wiki. Zamani nikiingia walikuwa wananisogezea kiti na kuniuliza dawa ya mgongo. Siku hizi nikibisha hodi nasikia mazungumzo yanakatika, na nikiingia wanazungumza habari za mvua. Jumapili iliyopita katibu alinipokea mfuko pale pale mlangoni. Alinishukuru sana, akauliza hali ya kazi, akafunga mlango.